Inchi za Mdomo na Inchi za Daftari

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Fundi na pini nne mdomoni, suruali ya Mwenyekiti wa Mtaa mapajani, na Redio amesimama mlangoni ameinua simu juu kama refa mwenye kadi nyekundu.

"Fundi," Redio alikuwa amesema, "nimemsoma mtu humu. Nimemsoma mpaka ndani."

Nikawakatia hapo hapo. Barua zenu nimezipata, pamoja na ya yule bwana aliyesema nina roho mbaya. Haya, twende.

Fundi alizitoa pini moja moja mdomoni akazichomeka kwenye kimto alichofunga mkononi. Miaka thelathini na mbili ya ushonaji hajawahi kumeza pini, na siku hiyo nusura ameze nne kwa mpigo.

"Umemsoma nani?"

"Keti kwanza, dada yangu."

"Nimeketi, Redio. Umemsoma nani?"

Kwa msomaji anayejiunga leo, Redio ni mtu. Ni msusi, saluni yake iko mkabala na duka la Fundi, na jina hilo alipewa kwa sababu hazimwi. Habari ikiingia saluni kwake saa nne, saa sita iko sokoni, na saa nane inarudi kwake imenenepa hata yeye mwenyewe haitambui.

"Mwenyekiti," akasema. "Kiuno arobaini na mbili."

Fundi akashusha pumzi. Redio akadhani ni ya aibu, kumbe ilikuwa ya nafuu.

"Arobaini na mbili, Fundi. Mtu anatuhutubia kila mkutano kwamba yeye hajabadilika tangu aoe. Na hapa chini umeandika, nakusomea neno kwa neno: 'Mwambie thelathini na nane.'"

Hapa lazima nieleze kidogo kazi ya Fundi. Anapompima mteja, husoma tepu kwa sauti. Anachokitamka ni kile ambacho mteja angependa kusikia. Anachokiandika ndicho anachokikatia kitambaa. Ndiyo maana nguo zake zinawakaa watu vizuri na watu wenyewe wanatoka dukani wakitembea kwa maringo. Yeye huziita inchi za mdomo na inchi za daftari. Inchi za mdomo ni za kila mtu. Za daftari hakuna aliyewahi kuziona, ila yeye na Mungu.

Mpaka alipokuja mkwe.

Mkwe, yaani mke wa mwanawe wa pekee, ni karani wa masjala, mwanamke mwenye vidole vyepesi na moyo wa kusaidia. Aliona madaftari matatu meusi yanaliwa na mende, akamwonea huruma mama mkwe wake. Jumapili nne mfululizo alikaa akiyaingiza yote kwenye programu ya simu iitwayo Kipimo Changu, vipimo pamoja na maelezo, hakuacha nukta. Alipomaliza, simu ikamuuliza: Je, ungependa kuwashirikisha wateja wako? Chini yake kulikuwa na masharti marefu kuliko khanga mbili zikiunganishwa. Mkwe akabonyeza Ndiyo.

Kabla hujamcheka, msomaji, hebu niambie wewe umebonyeza Ndiyo mara ngapi wiki hii, na ulisoma mistari mingapi. Nasubiri.

Basi Jumatatu asubuhi kila mteja wa Fundi aliamshwa na meseji: Fundi wako amekuweka humu. Bonyeza uone vipimo vyako, na vya majirani zako. Mtaa mzima ukabonyeza.

"Umemsoma nani mwingine?" Fundi akauliza. Alijitahidi sauti itoke ya kawaida.

Redio akaangalia dari. "Mimi? Nina kichwa cha mtu pale kimesukwa nusu. Nitasoma saa ngapi?"

Akaondoka, na kuondoka kwake kulikuwa kwa haraka kuliko desturi yake. Fundi hakuliona hilo. Alikuwa anawaza ukurasa mmoja tu.

Ukurasa huo ulikuwa wa Mwalimu Mkuu.

Miaka sita iliyopita, Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko aliomba ruhusa ya wiki sita "kumwuguza ndugu". Alirudi amepungua kidogo. Kesho yake alikuja kwa Fundi, akaomba mlango ufungwe, akafungua vifungo vya blauzi, akasema: "Walilikata la kushoto. Jumatatu naingia darasani, na sitaki mtu ajue."

Fundi hakumpa pole. Alichukua kitambaa laini na pamba, akashona mfuko ndani ya gauni, akaupima kwa macho, akapunguza, akaongeza, mpaka kioo chenyewe kikadanganyika. Tangu siku hiyo kila gauni la Mwalimu Mkuu lina mfuko wake. Kwenye daftari, chini ya vipimo, Fundi aliandika maneno mawili: pamba kushoto. Mkwe aliyaingiza kwenye simu kama alivyoyaingiza mengine, bila kujua maana yake.

Mkwe alifika saa saba, saa yake ya chakula, kitambulisho cha ofisi bado kikining'inia shingoni. Hakuwa na hamu ya kula.

"Futa," Fundi akamwambia.

"Nifute nini, Mama?"

"Vyote. Futa programu nzima. Ikibidi tuichome hiyo simu, tuichome."

"Mama, havimo kwenye simu. Viko kwao."

"Kwao wapi?"

Mkwe akanyoosha kidole juu, akaona hakikueleweka, akakielekeza upande wa barabara. "Kwenye mitambo yao huko."

"Basi waambie warudishe."

Mkwe alijaribu. Simu ikasema ombi lake ni muhimu sana kwao, na ili walishughulikie, Fundi apige picha ya uso kutoka mbele, kulia na kushoto, atume namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yake mzazi, na alama ya kidole gumba. Majibu ndani ya siku thelathini za kazi.

Fundi alikisoma kile kidirisha cha simu mara mbili akiwa na miwani. "Yaani ili nitoke sebuleni kwao, kwanza niingie mpaka chumbani?"

"Ndivyo walivyoandika, Mama."

"Fungua ukurasa wa Mwalimu Mkuu."

Ulifunguka. Kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono. Na chini yake maneno mawili, meusi, makubwa kuliko Fundi alivyowahi kuyaandika. Pembeni palikuwa na picha ya jicho dogo na namba.

"Hii moja ni nini?"

"Umetazamwa mara moja," mkwe akasema kwa sauti ndogo.

"Na nani?"

Mkwe akabonyeza lile jicho. Akasoma. Akakunja uso. "Hawasemi. Wanasema jina la mtazamaji ni siri, wanalinda faragha yake."

Fundi alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka namna ile tangu sehemu ya pili, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Hayo maneno, unaweza kuyabadilisha?"

"Kubadilisha ni papo hapo, Mama. Lakini panatokea kialama chekundu. Yamebadilishwa leo."

"Kwa hiyo nikiyabadilisha ya Mwalimu peke yake..."

"Mtu ataona ni ya Mwalimu peke yake yaliyobadilishwa. Na aliyeshaona, ameshaona." Mkwe alisita. "Mama, kwani pamba kushoto ni nini?"

"Ni kazi," Fundi akasema, na namna alivyosema ilimfanya mkwe asiulize tena.

Fundi akaichukua tepu shingoni, akaizungusha kwenye vidole, akaifungua. Ni mazoea yake anapotafuta njia ya kukata kitambaa kisichotosha. 

"Tuna wanawake wangapi humo?"

"Mia na kumi na tatu."

"Waandike wote."

"Niwaandike nini?"

"Pamba kushoto. Kila mmoja. Usimwache hata bibi harusi wa wiki ijayo. Aliyeyaona kwa Mwalimu akiyaona na kwa jirani, akayaona na kwake mwenyewe, atasema Fundi amechanganyikiwa. Na asipojua maana yake, hatakuwa na sababu ya kuitafuta."

Mkwe alielewa nusu, na nusu hiyo ilimtosha kuona hatari. "Mama, watasema umezeeka. Watasema hujui tena kupima."

Juu ya mlango wa Fundi kuna kibao alichokichora marehemu mumewe kwa rangi ya bluu: HAPA TUNAPIMA MARA MOJA. Mtaa mzima unakijua. Fundi hajawahi kukosea hata robo inchi, na jambo hilo ndilo alilonalo duniani, ukiondoa mwana mmoja na cherehani mbili. Alikitazama kile kibao kwa nyuma, kutoka ndani, mahali ambapo rangi imepenya kwenye mbao.

"Waache waseme," akasema. "Andika."

Mkwe akaandika. Hakurudi kazini siku ile, na huko masjala wakamwandika mtoro. Saa tisa na nusu wanawake mia na kumi na tatu wa mtaa wetu walikuwa na pamba kushoto.

Jumanne kukawaka moto.

Wa kwanza kufika alikuwa Mwenyekiti, amevaa suti yake, inayojulikana sasa kuwa ya arobaini na mbili. Alisimama katikati ya duka akahutubia. Faragha ni haki ya mtu. Kiuno cha mtu ni siri yake na fundi wake. Angeandika barua, angeitisha kikao, angefika ngazi za juu. Fundi alimsikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha.

Alipomaliza, Mwenyekiti alitazama mlangoni, akasogea karibu na cherehani, akashusha sauti.

"Sasa Fundi, yule kocha wa mpira. Ni kweli mabega yale ni sponji?"

"Sina la kusema, Mwenyekiti."

"Mabega yote mawili?"

Na hivyo ndivyo walivyokuja siku nzima. Kila mmoja aliingia na kilio cha siri yake, na kila mmoja kabla hajatoka aliuliza ya mwenzake. Sijawahi kuona watu wanaothamini faragha namna ile huku shingo zimerefuka kiasi kile.

Wanawake walikuja na jambo lao.

"Fundi, heshima yako," alianza muuza dawa, mwanamke makini asiyepaza sauti. Unapomweleza ugonjwa wako anakuangalia juu ya miwani mpaka unakiri mengine ambayo hakuuliza. "Umeandika mguu wangu wa kulia ni mfupi nusu inchi. Ni kweli, sikatai. Lakini pamba kushoto? Mimi nina pamba wapi?"

Dukani walikuwemo wanawake sita. Wote wakamgeukia Fundi.

  Fundi alikuwa ameandaa uongo mmoja mzuri jana, na sasa haukuwepo, umemponyoka kama uzi uliotoka kwenye tundu la sindano. Muuza dawa akazidi kumkazia macho juu ya miwani, na pale machoni palianza kuja wazo.

"Mimi ninavyojua kitabibu," muuza dawa akasema taratibu, "pamba upande mmoja..."

"Kushoto kwa nini kwani?" Redio akaropoka kutoka mlangoni. "Kushoto kwa kichwa chake. Jamani, mwanamke ana miaka thelathini na mbili anasikia cherehani, ubongo hautikisiki? Mimi kaniandika 'hatulii, pima mara mbili', halafu na mimi kanipa pamba. Nikamwuliza mume wangu anitafutie hiyo pamba, katafuta mpaka kachelewa kazini."

Duka likalipuka kwa kicheko. Muuza dawa mwenyewe akatabasamu bila kutaka, na wazo lake likapotea njiani. Fundi naye akacheka na wenzake, akacheka kichwa chake mwenyewe, na hakuna aliyejua ilimgharimu nini.

Lakini kicheko kina mwisho. Walipotoka, wawili walirudi kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Hawakugombana. Mmoja alisema ana haraka na sherehe, mwingine alisema shangazi yake amepata fundi karibu na kwao. Fundi aliwafungia vitambaa vizuri kwenye karatasi, akawasindikiza mpaka kizingitini, akarudi, akakaa mbele ya cherehani bila kushona. Iliniuma kumwona vile, nasema wazi.

Jumatano, saa saba na robo, kulisikika kengele ya shule barabarani, na watoto waliokuwa wakicheza mbele ya saluni wakatawanyika.

Haikuwa shule. Ilikuwa simu ya Mwalimu Mkuu. Ni simu ya vitufe, ya zamani, na mlio wake ni kengele kamili, ngeng'e ngeng'e, kwa sauti ambayo hata watu wazima waliosoma kwake wakiisikia huficha mikono nyuma. Aliipokea, akasema "Nakuja", akakata, akaingia dukani.

"Gauni langu liko tayari, Fundi? Jumamosi nawaaga watoto wa darasa la mwisho, na wazazi watakuwepo."

"Liko tayari kujaribiwa, Mwalimu."

Waliingia wawili nyuma ya pazia, kwenye kile kichumba chenye kioo kirefu na kiti kimoja. Mkwe alibaki nje. Tangu Jumatatu saa yake ya chakula anaitumia kwenye kiti cha mbele dukani, akipokea malalamiko, kama adhabu aliyojipangia mwenyewe.

Fundi alimvika gauni, akachomeka pini ya kwanza ubavuni, ya pili, ya tatu. Pini ya nne akairudisha kwenye kimto.

"Una nini?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Mwalimu, nimekukosea."

Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, bila kujitetea. Madaftari, mkwe, ile Ndiyo, zile pamba mia na kumi na mbili za uongo na moja ya kweli. Mwalimu Mkuu alisikiliza amesimama wima, mikono imenyooka, kama anayepimwa.

"Meseji yao niliiona," akasema mwishowe. "Nikaifuta. Meseji isiyo na salamu huwa siisomi." Kisha: "Mkubaliane na kitu bila kukisoma. Fundi, mimi nimefundisha watu kusoma mtaa huu miaka thelathini na moja."

"Najua, Mwalimu."

"Huyo mkwe wako nilimfundisha?"

"Alisoma kwingine."

"Afadhali." Akajitazama kiooni. "Nani ameona?"

"Mmoja. Hawasemi ni nani."

Mwalimu Mkuu akaketi kwenye kile kiti, pamoja na pini zake. Zile tatu za ubavuni hakuonekana kuzihisi.

"Unajua kwa nini sikutaka watu wajue? Si aibu. Ugonjwa sikuuiba. Ni kwamba mtu akishakupa pole, hakuachi. Nikipita darasani nataka wanyamaze kwa kuniogopa, Fundi, si kwa kunihurumia. Sasa kila nitakayemsalimia nitakuwa namtazama machoni, najiuliza, ni wewe?"

Fundi alitaka kumshika mkono. Miaka sita hawakuwahi kushikana mikono, ni kupimana tu. Aliushika.

"Hodi hapa," ikasema sauti ya mwanamume dukani.

Fundi alitoka nyuma ya pazia, akalirudisha vizuri. Duka lilikuwa na watu. Muuza dawa alikuwa amekuja kudai pamba yake ifutwe kwa maandishi. Redio alikuwa amekuja kuazima sindano, sindano ya tatu wiki ile. Na katikati yao alisimama kijana mtanashati, begi la ngozi mkononi, kompyuta bapa kwapani. Fundi alimpima kwa jicho moja, maana jicho halina masharti ya kubonyeza: shati la dukani, mikono mirefu kwa inchi moja, shingo kumi na tano na nusu, na viatu vinamfinya.

"Shikamoo mama. Mimi natoka Kipimo Changu."

Mkwe akainuka kitini kama aliyekalia pini.

"Marahaba," Fundi akasema. "Mmekuja kufuta?"

"Hapana, mama, tumekuja kuhudumia." Alifungua begi juu ya meza ya kukatia. Ndani yake mlikuwa na sidiria za rangi mbalimbali, zimepangwa vizuri, kila moja ina kijazio upande mmoja. "Sisi tunashirikiana na kampuni inayotengeneza hivi vitu kwa akina mama waliofanyiwa upasuaji wa titi. Mfumo wetu unasoma maelezo ya mafundi, ukikutana na neno kama pamba kushoto unatuarifu. Na mtaa wenu, mama, umetushtua sana. Jumatatu mchana mmefika mia na kumi na tatu. Ofisini kuna waliotaka kuwaarifu watu wa afya wakidhani kuna mlipuko."

Hakuna aliyecheka. Muuza dawa alivua miwani. Lile wazo lililompotea jana lilikuwa limerudi, na limerudi na viatu. Alimtazama Fundi, akatazama zile sidiria, akamtazama tena Fundi, na nikaona uso wake unabadilika kutoka kwa mteja aliyeandikiwa uongo kuwa mtu mwingine kabisa. Mkwe alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Ni makosa ya kuandika," Fundi akasema. "Mimi nimezeeka. Uliza mtaa mzima, watakuambia. Hakuna mtu."

"Ndiyo, mama, nasi tukafikiri hivyo." Kijana alikuwa na tabasamu zuri, na naapa hakuwa na nia mbaya, hilo ndilo lililokuwa likitisha. "Kwa hiyo tukaangalia ya zamani. Kwetu kitu kikibadilishwa hakipotei, tunacho cha kwanza na cha pili. Mpaka Jumatatu saa nane mchana hawakuwa mia na kumi na tatu. Alikuwa mmoja tu. Huyo ndiye ninayemtafuta. Ninamletea zawadi, ya kwanza ni bure. Hapa jina limeandikwa kwa kifupi. M. Mkuu. Mnamfahamu?"

Alimgeukia aliye karibu naye. Aliyekuwa karibu naye alikuwa Redio.

Nataka mfikirie hali hiyo. Mwanamke ambaye hajawahi kumnyima mtu habari tangu aote meno, anaulizwa habari, mbele ya watu, na habari anayo. Maana sasa naweza kuwaambia, na Fundi naye alikuwa amemtazama usoni akaelewa wakati huo huo: lile jicho moja lilikuwa lake. Redio alikuwa amemsoma Mwalimu Mkuu tangu Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kumsoma Mwenyekiti, na maana ya ile pamba akaikisia. Siku tatu alikuwa amelala nayo, ameamka nayo, amesuka watu vichwa kumi na moja nayo mdomoni. Na saluni ilikuwa haijasikia neno.

"Simjui," Redio akasema.

Nimemfuata mwanamke huyu sehemu tisa, na neno hilo ni mara ya kwanza kulisikia kinywani mwake. Halikutoka vizuri. Lilitoka kwa kubana, kama kiatu kipya.

"Humjui kabisa?"

"Mtaa huu mkubwa, kaka. Watu wanahama kila siku. Muulize mwingine."

Kijana akamgeukia muuza dawa. Muuza dawa akavaa miwani yake, akamtazama kwa juu. "Mimi nina mguu mfupi tu," akasema. "Zaidi ya hapo sijui kitu."

Fundi alishika ukingo wa meza. Wamenyamaza, alijiambia. Kumbe mtaa huu unaweza kunyamaza. Alitaka kuwakumbatia wote wawili, pamoja na sindano tatu ambazo Redio hatazirudisha maisha.

"Si neno," kijana akasema, bado anatabasamu. Akaweka kompyuta yake mezani, akatoa simu. "Sikutaka kumpigia ghafla, nilidhani ni adabu kuulizia kwanza. Lakini namba yake tunayo. Ziliingizwa zote pamoja na vipimo."

"Ngoja," Fundi akasema.

Lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza, na watu wote wanne wakaitazama ile simu mkononi mwake.

Nyuma ya pazia, kengele ya shule ikalia.

Ililia mara moja, kwa nguvu zake zote, mpaka mikasi ikatikisika kwenye msumari. Barabarani mtoto mmoja akatimua mbio. Redio, bila kujua anafanya nini, akaficha mikono nyuma. Ikalia mara ya pili. Ya tatu haikufika, kwa sababu mwenyewe aliipokea.

"Halo," ikasema sauti ambayo nusu ya mtaa huu ilijifunza kusoma kwa kuifuata.

Kijana aliisikia kwa masikio yote mawili, moja kutoka kwenye simu, jingine kutoka hatua tatu mbele yake. Tabasamu likamganda. Vile vyuma vidogo vya pazia vikaanza kusogea, kimoja baada ya kingine.

"Nakusikiliza, kijana," Mwalimu Mkuu akasema. "Lakini kwanza taja jina lako kamili, la baba yako, na uliposoma."